Msoma Mita

Vazha, ukinifuata leo vaa viatu vya kupandia.
Tbilisi haina tambarare ila mtoni,
na mto wenyewe hauna haraka
ya kuosha rangi yake ya udongo.

Tunaanzia Abanotubani,
kwenye kuba za matofali zilizoinama chini chini
kama mikate iliyofunikwa iumuke.
Hayo si mayai viza unayonusa. Ni kiberiti.
Maji hutoka ardhini yamechemka tayari,
bila bomba la kampuni, bila bili.
Ndio moto pekee mjini nisioupimia.

Sololaki tunapanda.
Mzabibu umetoka uani, ukapita roshani ya pili,
ukaingia ya tatu bila kupiga hodi.
Mlangoni kengele tano, jina moja.
Wengine wako Bari, wako Warsaw,
wanaogesha wazee wa watu.
Asiyekuwepo na lake halipo;
mimi naandika sifuri, natia sahihi,
na ngazi ya mbao inanung'unika
kwa sauti ileile ya mwezi jana.

Avlabari utamkuta Tengo
kiuno ukingoni mwa tanuri, miguu hewani,
anabandika unga kwenye ukuta wa moto
kama mtu anayemtafuta mwanawe kisimani.
Mita yake haishikiki, soma upesi.
Atakurushia mkate mrefu, ncha mbili.
Kula ncha.
Katika mji huu hakuna mkate uliowahi kufika nyumbani mzima.

Daraja Kavu tunapita tu.
Vijiko, kamera, nishani za vita vya watu wengine.
Mzee mmoja ametandika shuka, juu yake mita kuukuu;
nikaisoma kwa mazoea: nne, nne, moja, saba.
Akaniuliza, "Nadaiwa?"

Mbwa mwenye hereni ya plastiki sikioni
anasubiri taa ya kijani avuke.
Watu hawasubiri.

Halafu metro, mpaka Gldani,
orofa zilizobandikana, nguo zinaning'inia kutoka jengo hadi jengo.
Lifti hula sarafu ndipo ipande.
Weka akiba ya sarafu, Vazha,
orofa ya nane anakaa Bi Nazibrola.

Mchana wa Agosti, joto la kuyeyusha lami,
mita yake inatambaa.
Jikoni hakuna sufuria. Jiko peke yake,
na juu yake ulimi wa buluu, mdogo,
haupiki kitu.

Mwaka wangu wa kwanza nilimwambia, "Zima, Bi, unajiumiza."
Akafungua kabati.
Viberiti. Visanduku juu ya visanduku, hadi dari,
vingine vimeshika unyevu, haviwaki tena.
Akanihesabia, si viberiti, bali vitu:
mbao za sakafu, chumba hadi chumba,
meza, kitanda cha mtoto,
kisha vitabu vya mumewe, mhandisi wa madaraja,
alivichoma kuanzia mwisho wa rafu
ili aliyekuwa akikisoma kife cha mwisho.
"Gesi iliporudi niliwasha," akasema.
"Hakuna aliyeniambia itakaa hadi lini."

Naandika nambari kama ilivyo.
Nilijaribu kupunguza mara moja; alikagua, akanifokea.
Wewe usimshauri. Kunywa kahawa yake,
ina masimbi mengi, usiyakoroge.
Dirishani kwake utauona mji wote,
na yule mama wa chuma kilimani,
mkono mmoja bakuli la divai kwa mgeni,
mkono mwingine upanga.
Kwa mbali huwezi kujua upi ni upi.

Mimi nikifika kwangu nazima jiko.
Nageuza kitasa mpaka kigonge.
Halafu, usicheke,
napapasa mfuko wa koti gizani,
natikisa kisanduku,
nasikiliza kama vimo.