Tanki la Tatu, Igogo

Wa kwanza walikufa wote.
Maji ya kayabo yalikuja na chumvi yake,
tope likapauka, likanuka mkojo wa juzi.

Mhoja hakulaani. Alikwenda na ndoo
nyuma ya mabanda ya sangara,
pale chumvi imekula hata saruji,
akachota vijidudu vilivyobaki hai.
Akavionjesha machafu yetu: kikombe wiki hii,
wiki ijayo kikombe na nusu,
kama mtoto anayeachishwa ziwa.

Miezi mitano.
Jana usiku, kwa tochi ya simu,
aliona vipovu: nitrojeni
inarudi hewani, haina harufu, haidai.
“Kumbe mnakula,” akasema.

Huko nje, mdomoni mwa bomba,
magugu maji yamekonda,
yangali yakingoja sahani.