Kitako cha Ubeti

Baba aliandika nusu ya ubeti juu ya robota la majani,
robota jeupe la plastiki, la mwisho katika safu ya ukutani,
kwa ile kalamu nene anayohesabia marobota.
Wiki hiyo hiyo moyo wake ukasimama, nyuma ya zizi,
Oktoba, kondoo wote wakiwa wameshashuka
isipokuwa mmoja.

Kwetu bondeni, kaskazini mwa Aislandi,
nusu ya ubeti ni deni.
Ukitupiwa mishororo miwili mezani
sharti uiwekee kitako, palepale, samaki hajapoa.
Ukishindwa, unaosha vyombo.
Mimi nimeosha vyombo utoto wangu wote.
Mama hajaosha hata kijiko.

Baba aliagiza bahari kama mtu anayeomba chumvi.
“Pembenne!” na vina vikapishana, huu na ule, kama miguu njiani.
“Pete!” na hapo kila mshororo ukabeba kina kingine tumboni,
kikipita mkono kwa mkono hadi kirudi kwa mwenyewe.
“Sare!” yaani kina kimoja, mara nne;
Mama akikunja uso: “Huo ni uji mtupu.”
Na ule wa sikukuu, unaosomeka mbele na nyuma,
ukienda ni sifa, ukirudi ni tusi.
Alimtungia mchungaji wa kanisa, Thorlakur.
Thorlakur aliusoma kwenda tu, akashukuru sana.

Na chini ya vina, nguzo:
sauti moja, maneno matatu,
mawili katika mshororo wa kwanza, la tatu kichwani mwa wa pili.
“Kina ni paa,” Mama alinifundisha, mikono imejaa unga.
“Paa bila nguzo ni kofia.”

Yule kondoo alipatikana Novemba, jike lenye sikio jeusi,
hai, tena amenenepa.
Kwa hiyo swali la Baba likabaki bila mwenyewe.

Majira ya baridi tuliyala robota kwa robota.
Kila asubuhi niliwasha trekta gizani,
kila asubuhi safu ikapungua,
na Mama dirishani, midomo ikicheza, vidole vikihesabu mezani.
Machi likabaki moja.
Nikamwambia, tunaweza kununua kwa jirani, hili liache.
“Kondoo hawali vina,” akasema. “Kesho lilete.”

Alitangulia yeye, na koti la Baba, na kalamu kwapani
ili wino usigande.
Akafuta barafu kwa kiwiko. Tukasoma:

*Kondoo wote nyumbani, kila jina limeitwa;*
*kasoro mmoja, nani huyo bado hajaletwa?*

Nikahesabu K zake. Tatu, kila moja mahali pake.
Upepo ulikuwa ukipiga plastiki kofi.
Mama akapiga magoti thelujini,
akaandika polepole, kama anayeshona:

*Ni wewe uliye chini, nawe bado watafutwa;*
*nimekujibu mwishoni, nusu yako imekutwa.*

Jirani yetu Asbrandur alikuwa amekuja kuazima mnyororo.
Akasimama nyuma yetu, akavua kofia,
akasoma, akasoma tena,
kisha mazoea yakamshinda.
“Ketilridur,” akasema kwa upole, “nguzo imezidi.
Mshororo wa mwisho una N mbili. Ilitakiwa moja.”

“Najua,” Mama akasema.
“Aje aikosoe mwenyewe.”

Akanipa kisu.
Nikapasua pale pasipo na maandishi,
lakini plastiki haina adabu, ikachanika hadi kwenye jina lililoitwa,
na harufu ya Julai ikatoka, tamu, chachu kidogo,
na kondoo mia mbili wakaanza kulia kwa pamoja,
kila mmoja na kina chake.

Usiku ule, ajabu, vyombo aliosha yeye.