Boya

Miaka kumi na minne mshale ulilala chini,
ubavu wake kwenye alama ya utupu,
na tangi lina mafuta.
Baba alijua. Kwenye kikinga-jua
alibana daftari kwa mpira wa nywele zangu:
tarehe, kilomita, riali ngapi na baisa ngapi.
Ibra kwenda Sinaw, mnada wa mbuzi.
Sinaw kurudi Ibra, bila mbuzi.
Bidiya, arusi ya kina Zuweina, usiku, vumbi.
Kila safari imepigiwa mstari,
na bado, akiona pampu, anakata kona.

"Nchi nzima inachimba mafuta," mama akimwambia,
"we unaogopa kiu!"
"Mshale huu mwongo," baba akijibu,
"lakini mwongo mwenye adabu.
Ungejidai umeshiba hali una njaa,
tungelala mchangani siku nyingi."

Mwaka huu daktari kamkataza usukani.
Funguo kanipa mimi, Thureya, kitindamimba.
Daftari hakunipa.

Julai, alfajiri, kabla ya mabati kuwaka,
nikaanza na fyuzi, kwa kuwa fyuzi ni rahisi.
Nzima.
Nikang'oa kiti cha abiria,
nikakuta kokwa za tende, baisa hamsini,
kifuniko na skurubu tano, moja imeliwa kichwa.
Nikachomoa waya wa tangi, nikaugusisha bodi.
"Baba, tazama saa!"
Alikuwa kizingitini na kahawa yake.
Akasogea, akainamisha uso hadi kioo.
"Unapanda," akasema. Taratibu,
kama mgonjwa anayejaribu ngazi.
"Unapanda, unapanda. Umefika juu."

Basi saa nzima, na waya mzima.
Mwongo yumo ndani ya tangi.

Skurubu ya tano ilinila saa nzima na kucha mbili.
Nikauvuta mkono wa waya, petroli ikanipanda kichwani,
na kwenye ncha yake likatoka boya,
kopo la shaba, dogo kama kikombe cha kahawa,
zito.
Nikalitikisa sikioni: chwa, chwa.
Ufa wa unywele kwenye mshono wake.
Lilitumwa lielee juu ya mafuta,
likayanywa, likazama nayo,
na kutoka chini kule, kwenye giza lililojaa,
likatuletea habari kila siku
kwamba hakuna kitu.

Binamu yangu wa Tanga alicheka simuni hadi akakohoa:
"Boya! Huku kwetu boya ni mjinga!"
Baba hakucheka.

Kule sanaiya, Biju alikataa kulitia lehemu.
"Mafuta ndani, moto nje," akasema,
"na mimi nina watoto wawili."
Akapekua droo, akanipa jipya,
riali mbili na baisa mia tatu.
Nyuzi za koili nilizisugua kwa kifutio cha penseli,
kutu ya waya wa bodi nikaikwangua ikang'aa,
nikafunga skurubu nne. Ya tano nimeiacha.

Nikawasha.
Mshale ukatetemeka, ukajifikiria,
ukasimama kwenye robo tatu.
Baba aliutazama muda mrefu,
kama jamaa aliyerudi safari
na hakumbuki kama waliachana kwa heri.
"Haya," akasema. "Twende Sinaw."

Hatujamaliza kilomita ishirini, pampu.
"Kata kona."
"Baba, robo tatu!"
"Kata kona, mwanangu."
Kijana akajaza kidogo tu, tangi likafurika.
Baba akatoa daftari,
akaandika tarehe, kilomita, baisa,
akapiga mstari.

Boya la zamani kaliweka mbele, juu ya dashibodi.
Barabara ikinyooka hulichukua,
hulitikisa sikioni, polepole,
na mimi najifanya sisikii.