Nusu ya Safari

Chelezoni Skála, Februari, mvua inakuja kwa ubavu
kama mgeni asiyejua kubisha hodi.
Meli ya Heðin imekaa juu ya magogo, tumbo nje,
inachuruzika magugu na kome.
Mimi Sunnleiv, wiki ya tatu kazini,
nimeshika kipima unene kwa mikono miwili
kama mtoto mchanga wa mtu mwingine.

"Kabla hujakiuliza chuma," alisema Jóhild,
"hakikisha unayemtuma kuuliza si mwongo."
Akatoa mfukoni, ndani ya soksi ya sufu,
kipande cha chuma chenye ngazi tano.
Tone la jeli kwanza, maana hewa haibebi ujumbe huu;
upenyo wa unywele tu, na mlio unafia mlangoni.
Ngazi ya chini ni mbili nukta tano.
Kioo kikasema mbili nukta saba. Nikashusha.
Ngazi ya juu, kumi na mbili nukta tano: nikapandisha kasi,
nikarudi chini, chini kumeharibika tena.
Juu, chini, juu, chini,
vidole vimekufa ganzi,
hadi ncha zote mbili zikakubaliana.

"Na baridi je?"
Sikumwelewa.
Kipande kilikuwa na joto la paja lake,
na meli ililala nje usiku kucha.
Akakibandika ubavuni mwa meli. Tukanywa kahawa kikipoa.
Tukaanza upya.

Kichwa cha chombo hutuma mlio ambao hata mbwa hausikii.
Unazama chumani, karibu kilomita sita kwa sekunde,
unagonga ukuta wa ndani, unageuka.
Chombo kinahesabu muda, kisha kinaukata katikati:
nusu ya safari ndiyo unene.
Nusu nyingine ni kurudi tu kuleta habari.

Nilikwangua rangi, kwa kuwa rangi nayo hujifanya chuma.
Saba nukta sita. Saba nukta tano. Saba nukta sita.
Bamba hili lilizaliwa na nane; chini ya sita, hukatwa.
Heðin nyuma yangu alihesabu siku, si milimita:
samaki wa kubebwa wangali hai, Jumatatu, asubuhi.
Karibu na mdomo wa kunyonyea maji
nikapata sita nukta nne.
Nikaandika kwa chaki. Heðin akashusha pumzi,
nami nikashusha yangu.
Nilipenda kuwa mtu aliyempa mwenzake Jumatatu yake.

Jóhild alisimama mbele ya ile namba.
Akagonga bamba kwa fundo la kidole, akanyamaza, akagonga tena.
"Mlio wa kwanza umerudi mapema mno," alisema,
"kichwa hiki kikubwa kilikuwa bado hakijatega sikio.
Kimeusikia wa pili."
Akafungua kichwa, akafunga kile kidogo, kama kifungo cha shati.
Kisha, Mungu wangu, akaitoa tena ile soksi.
Ngazi, tone, chini, juu,
Heðin akitazama saa yake waziwazi.

Tatu nukta mbili.

Hakuna aliyepaza sauti.
Heðin aliweka kiganja palepale, kama anayepima homa,
jeli ikamlowanisha kidole gumba.
"Wiki iliyopita nilitoka Suðuroy na hii," alisema,
"mawimbi…" na mkono mwingine ukapanda,
ukapanda, ukakosa mahali pa kuishia.

Nilichukua kitambaa nifute namba yangu.
Jóhild akanishika kifundo cha mkono.
Ikate mstari mmoja, alisema, isomeke bado.
Nikaikata. Chini yake nikaandika ya kweli,
tarehe, saa,
kichwa kilichotumika,
na jina langu, herufi zote,
chaki ikivunjikavunjika kwenye maji.