Kabla ya Farasi

Gari lilifika Jumanne kutoka bandarini,
milango minne, rangi ya jivu,
na tundu juu ya boneti kama pua ya ng'ombe
anayenusa mvua.
Namba zake zilikuwa bado zinang'aa. Mimi pia.

Nikalipeleka Pasua kwa fundi Aikaeli
nikiwa na orodha kwenye simu:
ule mlio wa pshuu ukiachia pedeli,
ekzosi nene kama shina la mgomba,
springi fupi, gari lilale chini,
na farasi. Farasi wengi.

Akafuta mikono kwa kipande cha kanga.
"Farasi wapo," akasema, "mia mbili na ushee.
Nionyeshe kwanza hatamu."

Akalizunguka. Akaligusa tairi kwa ncha ya kiatu,
taratibu, kama anayemwamsha mgeni.
"Hizi zilitoka kiwandani ukiwa darasa la sita."
Akanisomesha namba ubavuni: wiki, mwaka.
Darasa la sita kweli, muhula wa kwanza.

Tukaanzia hapo, pasipo na sifa.
Tairi nne. Pedi. Maji ya breki,
yale ya zamani yakitoka meusi kama chai ya msibani.
Kisha oili, na si ile ya kupimiwa kwenye chupa ya maji.
"Turbo ni feni inayozunguka mdomoni mwa moto,
mara laki moja na zaidi kwa dakika,
na kinachoibeba ni utando wa oili tu,
mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu.
Ukiibania oili, umeibania roho."

Plagi mpya. Chujio la hewa: la zamani alilikung'uta
likamwaga vumbi ambalo si la kwetu.
Mipira akaipapasa mmoja mmoja, macho kafumba,
akaukuta ufa chini ya klipu,
mdogo kama ukucha wa mtoto.
"Nguvu zako zilikuwa zinatorokea hapa.
Unanunua farasi na zizi liko wazi?"

Tukaliwasha. Akasimama nyuma, kwenye bomba.
"Moshi wa buluu, linakula oili. Mweusi, petroli.
Mweupe usiokoma, linakunywa maji.
Mji wetu na uitwe hivyo, ni sawa.
Gari lako lisiitwe."

Mshahara uliofuata alinifungia geji,
ya duara, kando ya usukani,
nione turbo inavyovuta pumzi.
"Hii haiongezi kitu kwenye gari," alisema.
"Inakuongeza wewe."

Springi fupi nilizifungia kwingine. Nakiri.
Kijana mmoja wa Majengo, kwa siri, nusu bei.
Jumapili nikapanda Kibosho kumchukua mama,
mikungu mitatu ya mshare kwenye buti,
na kwenye tuta la kwanza gari likakaa
kama kuku anayeatamia.
Mama akashuka. Akainama, akachungulia chini.
Akakaza kitenge chake,
akasimamisha bodaboda.

Aikaeli hakuuliza. Alinyoosha tu mkono
nimpe springi za zamani.

Siku hizi nikifika nyumbani usiku sizimi mara moja.
Nakaa dakika moja, mbili, injini ikinong'ona,
oili ikizunguka, chuma kikishusha hasira.
Mshale wa geji umelala chini.
Mlima sijui uko wapi, kuna wingu.
Mama hufungua dirisha:
"Mbona huzimi? Unachoma hela!"
"Inapumua, mama."
Hulifunga dirisha. Halafu hulifungua tena, kidogo,
nadhani asikilize.

Orodha bado iko kwenye simu.
Springi nimezifuta.
Ekzosi ipo.
Na ile pshuu,
ipo, sijaigusa.