Leo Sitafsiri

Shangazi Ndeninsia aliijua herufi moja tu ya Kifaransa kwa uhakika,
ile r ya kooni,
na aliipata kwa kusukutua maji ya chumvi
kila alfajiri nyuma ya nyumba, Sanawari,
majirani wakidhani ana matonsesi.

Hakuwa na kitabu. Alikuwa na Bahizire,
mpiga kinanda wa Bukavu, mwembamba kama mwiko,
aliyemtamkia maneno polepole
naye akayaandika kwa tahajia ya kwetu
katika daftari lilelile la kwaya ya Akheri:
ukurasa wa kushoto, sauti ya pili ya Ijumaa Kuu,
wa kulia: zhe, vu, tuzhuur, lamuur,
na mishale ya penseli, hapa vuta pumzi.

Gauni la mahameli lilitoka Kilombero, rundo la chini,
elfu nne baada ya kubishana.
Shingoni, kwa ndani, palishonwa jina la mwanamke mwingine.
Hakulifumua.
"Huyu ndiye anayeimba," alisema. "Mimi namshikia nafasi."

Ijumaa na Jumamosi, saa tatu usiku,
hoteli ile jirani na mnara wa saa.
Mimi darasa la saba, kazi yangu birika:
mahameli haipigwi pasi, hufukizwa mvuke.
Nikimaliza, nachungulia kwa mlango wa jikoni.

Walikuja mawakili, makarani, mlinzi mmoja wa Bamako,
na meza ya pembeni, wakalimani wa Mahakama,
nywele bado zimelala
pale vipokea sauti vilipobana tangu asubuhi.
Mkalimani hasemi "yeye anasema."
Husema "mimi."
Mimi nilijificha darini.
Mimi niliwahesabu.
Mimi ndiye niliyefungua geti.
Mchana kutwa, kwa sauti ya kawaida, na glasi ya maji pembeni.

Usiku mmoja wa Julai, baridi ya Meru imeshuka hadi kwenye glasi,
shangazi aliimba wimbo alioamini ni wa harusi;
ulikuwa na mwendo wa haraka, aliuchezea bega,
alitabasamu kwenye kiitikio.
Madamu Ajovi wa Kotonu akalia,
bila sauti, kama mtu anayemenya vitunguu vya shughuli.

Baadaye shangazi alimwendea na daftari,
kidole chini ya neno.
"Hili lina maana gani?"
Madamu alilisoma kwa tahajia yetu,
silabi kwa silabi, kama mtoto wa chekechea,
akacheka mpaka akakohoa,
kisha akalifunga daftari.
"Leo sitafsiri, dada. Wewe imba."

Mahakama ilifunga majalada yake.
Meza ya pembeni ilipungua kiti kimoja kimoja.
Bahizire alirudi kwao, au alienda Kampala, habari hazilingani.
Jukwaa likavunjwa, sasa wanauza vigae.
Shangazi akaimba kwenye sendofu za Njiro,
mshereheshaji akimtangaza "moja kwa moja kutoka Ufaransa,"
na wifi wa bibi harusi akiuliza kwa sauti
kama hana kitu cha kuchezeka.
Alimaliza beti zake zote.
Alikula pilau nyuma, na madereva.

Ana sabini na mmoja. Analima maharage Usa River.
Ile r haijaondoka: kuku anawaita nayo,
nao wanakuja.

Juzi nilimwambia simu yangu inajua Kifaransa,
tuiulize neno lile.
Akaipokea, akaitazama mbele na nyuma,
akaiweka juu ya meza, kando ya kiporo cha ndizi,
akaifunika kwa kawa.
Halafu akanituma nikaanue gauni
kabla mvua haijafika kutoka mlimani.

Nililikunja mwenyewe.
Shingoni uzi umefifia.
Herufi mbili bado zinasomeka.