Umetoboa?

Kopo la biskuti, pauni tano,
kwa Bi Hattersley, mjane wa fundi wa Attercliffe:
panchi kumi na moja, kila moja na tundu lake.
Namba sita haimo.
"Aliiazima mtu," alisema, "mwaka wa theluji kubwa."

Chagua inayozidi bolti kwa unywele.
Karatasi ikilowa oili hujikunja,
tundu linalobana litairarua.
Pitisha kidole ukingoni.
Ikiteleza kama kijiko, inoe, kwa nje, kwa nje tu;
ukigusa ndani umeharibu kipimo.

Usitobolee juu ya chuma.
Mimi nina kipande cha gogo, nyuzi zake zatazama juu,
hupokea makali bila kuyavunja.
Matundu kwanza. Mzingo baadaye, kwa mkasi.
Na pigo liwe moja:
la pili hukuta panchi imeshahama,
ukabaki na tundu lenye midomo miwili.

Mvua ya Sheffield yachapa bati la banda.
Simu inawaka. Binamu Mwanakombo, yuko Korogwe:
"Miaka tisa huko! Shangazi anauliza, umetoboa?"

Natazama gasketi ya pikipiki
ambayo kiwanda chake kilishafungwa.
Matundu manane; lile la namba sita
nimelikata kwa wembe, limepinda kidogo.
Viduara vya karatasi vimetapakaa mezani
kama sarafu za nchi isiyo na duka.

"Nimetoboa," namjibu.
"Mwambie saba safi,
na moja la kubahatisha.
Oili haivuji."